Sura ya Tano: Padi na Mwenzake

Barabara ya kutoka Lushoto kushuka Mombo ina kilomita 33 hivi, na ndani ya umbali huo gari linashuka karibu mita 1,000. Upande mmoja mwamba, upande wa pili korongo, na kona moja haijaisha nyingine imeshaanza. Niliishuka Jumapili moja ya Agosti tukiwa watu watano, buti limejaa viazi na kabichi. Padi za breki za mbele zilikuwa na wiki mbili tu tangu zifungwe. Hatujafika Soni nikasikia harufu kali, kama nywele na plastiki vikiungua pamoja. Mama, aliyekaa kiti cha mbele, akapandisha kioo akidhani kuna watu wanachoma taka. Kona iliyofuata nikakanyaga breki. Pedeli ikasimama imara chini ya mguu, ngumu kama siku zote, na gari likaendelea kwenda.

Nikakanyaga kwa miguu miwili. Nikashusha gia mpaka L, injini ikanguruma, nikawa navuta hendibreki na kuiachia, navuta na kuiachia, mpaka tukasimama mbele ya kibanda cha muuza mboga. Magurudumu ya mbele yalikuwa yanatoa moshi mwembamba. Yule mama muuza mboga hakushangaa hata kidogo. Alituletea viti, na aliponiona nimeshika chupa ya maji akaniwahi: "Usimwagie, mwanangu. Acha zipoe zenyewe." Tulikaa pale zaidi ya saa moja.

Sura hii naiandika kwa ajili ya saa ile. Nilikuwa nimenunua padi mpya, ndani ya boksi jipya, na fundi nilimlipa bila kumbishia bei. Ila dukani sikuuliza padi zile zinavumilia joto kiasi gani, na gereji sikuuliza zinakwenda kusuguana na diski ya hali gani. Ukiyajua majibu ya maswali hayo mawili, umeshamaliza sehemu kubwa ya kuchagua breki.

Tuanze na joto, kwa kuwa ndilo kazi yenyewe. Breki hulisimamisha gari kwa kuugeuza mwendo wake kuwa moto. Chukua gari dogo la kawaida ambalo, pamoja na abiria na mizigo, lina kilo 1,300. Likiwa kwenye kilomita 80 kwa saa, mwendo wake una nguvu ya kutosha kuchemsha lita nzima ya maji ya bomba. Ukisimama ghafla, moto huo wote unazaliwa kwa sekunde chache, na sehemu kubwa yake inaingia kwenye breki za mbele, kwa sababu gari likifunga breki uzito wake huinamia mbele. Likiwa kwenye 40, moto ni robo tu ya ule wa 80. Watu wengi hudhani ni nusu. Ndiyo sababu padi inayokutosha kutoka Mbezi hadi Posta, kwenye foleni, mwendo wa kobe, haijakuthibitishia lolote kuhusu mwendo wa kasi kwenda Chalinze.

Sasa rudi mlimani. Gari lile lile likishuka kutoka Lushoto hadi Mombo, mlima peke yake unalipa nguvu ya kuchemsha zaidi ya lita 30 za maji, yaani debe moja na nusu. Upepo unachukua kiasi, tairi zinachukua kiasi, na injini ikiwa kwenye gia ya chini inachukua sehemu nzuri. Sehemu kubwa ya kinachobaki inamezwa na diski mbili za mbele na padi zake nne, ambazo ukizipanga mezani hazizidi ukubwa wa simu nne za mkononi. Mimi siku ile nilikuwa nimeacha gari kwenye D, mguu juu ya breki kutoka kona ya kwanza. Injini haikunisaidia chochote. Hilo kosa ni langu, na padi bora duniani zingelalamika. Lakini padi nzuri zingelalamika mapema na taratibu. Zangu zilikata tamaa ghafla.

Kilichotokea ndani ni hiki. Padi ni bamba la chuma lililogandishwa juu yake mchanganyiko wa nyuzi, unga wa madini na gundi inayovishika vyote pamoja. Kila mchanganyiko una kiwango chake cha joto. Ukikipita, gundi huanza kuungua na kutoa gesi, na gesi hiyo hukaa kati ya padi na diski kama utando. Unakanyaga, pistoni inasukuma, padi inabana kwelikweli, lakini msuguano umepungua. Kwa hiyo pedeli ngumu isiyosimamisha gari ni dalili ya padi iliyozidiwa na moto.

Kuna ugonjwa wa pili unaofanana na huo, na dereva anapaswa kuutofautisha, maana dawa yake ni nyingine. Huo ni pale pedeli inapokuwa laini kama sponji na kuzama hadi sakafuni. Hapo kilichochemka ni mafuta ya breki. Jina hilo lenyewe limeshaharibu magari mengi. Tunayaita mafuta, na wapo walioongeza oili ya injini kwenye kikopo cha breki kwa kuamini mafuta ni mafuta. Mipira yote ya ndani ikavimba na mfumo mzima ukawa wa kubadilishwa. Ni kimiminika cha namna yake kabisa, na tabia yake kubwa ni kunyonya unyevu wa hewani. Aina iitwayo DOT 3 ikiwa mpya inatakiwa ihimili nyuzi 205 za Selsiasi bila kuchemka. Ikishanyonya maji, kiwango cha chini kinachotakiwa ni 140. DOT 4 inaanzia 230, na ikiwa na maji 155. Kwa sisi wa Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Unguja, ambako hata chumvi ya mezani inalowana ndani ya kopo, miaka miwili ni muda wa kutosha kuyamwaga na kuweka mapya. Ukinunua padi nzuri ukayaacha mafuta ya miaka sita, mlimani umejilinda upande mmoja tu.

Wiki moja baada ya safari ile nilikwenda Gerezani, Kariakoo, nimekunja padi zangu zilizoungua ndani ya gazeti. Anayeifahamu Gerezani anajua ilivyo: maduka yamebanana, mabampa yananing'inia juu ya vichwa vya watu, vijana wanakuita kabla hujashuka kwenye bajaji. Kijana wa duka la tatu nililoingia aliniuliza, "Gari gani, dada yangu?" Nikamwambia. "Ya mwaka gani?" Nikamwambia. Akageuka kwenye shelfu, akarudi na maboksi matatu, akayapanga kwenye kaunta. "Hii orijino kabisa. Hii orijino ya kawaida. Hii ya bei rahisi." La kwanza lilikuwa karibu mara nne ya la tatu.

Neno orijino linastahili kufunguliwa, kwa sababu madukani limebeba vitu vitatu tofauti. Kwanza ni padi iliyo ndani ya boksi la kampuni iliyotengeneza gari. Pili ni padi ya kiwanda kinachoiuzia kampuni hiyo, lakini ndani ya boksi la kiwanda chenyewe. Toyota, kwa mfano, hununua breki zake kwa watengenezaji kama Advics na Akebono, na watengenezaji hao huuza pia kwa majina yao wenyewe. Tatu ni padi iliyong'olewa kwenye gari lililokatwakatwa Japani, ikaja na mtumba. Muuzaji akikwambia orijino anaweza asiwe amekudanganya hata kidogo, na bado ukatoka na kitu ambacho hukukikusudia. Muulize ni orijino ipi kati ya hizo. Ukiniomba ushauri, nitakuelekeza kwenye ya pili: mara nyingi ubora ni ule ule na bei inashuka. Ya tatu usiiguse kwa upande wa padi. Hujui imepita moto gani.

Kabla ya boksi, namba. Jina la gari na mwaka havitoshi. Gari la jina moja, la mwaka mmoja, linaweza kuwa na breki za ukubwa wa aina mbili au tatu kutegemea injini, kama linasukumwa na magurudumu yote manne, au liliuzwa nchi gani. Magari yetu mengi yalitengenezwa kwa ajili ya soko la Japani kwenyewe, na kwenye kibati chake kuna namba fupi ya chesisi: herufi na tarakimu chache, kistari, kisha tarakimu sita au saba. Ipige picha, iwe kwenye simu yako siku zote. Muuzaji makini ataiingiza kwenye katalogi na kupata namba kamili ya spea. Kwa Toyota, padi za mbele huanzia na 04465, padi za nyuma 04466, viatu vya breki za dramu 04495, na diski za mbele 43512. Ukizijua tarakimu hizo tano za mwanzo, muuzaji anakuona kwa jicho jingine.

Kisha toa padi ya zamani uiweke juu ya mpya, mgongo kwa mgongo. Masikio yanayoingia kwenye kalipa, lile koleo linalobana padi kwenye diski, yalingane. Unene wa bamba ulingane. Kama ya zamani ina kile kiulimi cha chuma pembeni, mpya nayo iwe nacho. Kiulimi hicho ndicho kinachopiga kelele ya kukwaruza padi ikiisha, na kimewekwa makusudi ili kukuamsha. Nimeshaona fundi akikikunja kwa koleo ili "kelele iishe". Mwenye gari alifurahi mwezi mzima, hadi chuma kilipoanza kusaga chuma.

Halafu igeuze padi uangalie ukingoni, mahali ambapo watu wengi hawaangalii kabisa. Padi za watengenezaji wengi zina mstari wa herufi na namba, na mwishoni mwake herufi mbili: EE, FE, FF, GF, GG. Ni utaratibu wa Marekani wa kupanga nguvu ya msuguano. Herufi ya kwanza ni padi ikiwa na joto la kawaida, ya pili ni ikiwa imepata moto. E ni msuguano wa kuanzia 0.25 hadi 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, G ni 0.45 hadi 0.55. Kwa lugha ya mizani, padi ya F ikibanwa kwa nguvu ya kilo 100 inaishika diski kwa kilo 35 hadi 45. Kinachonihusu mimi zaidi ni herufi ya pili. FE inakuambia waziwazi kwamba ikipata moto inalegea. Kwa gari la familia linalopanda na kushuka, FF inanitosha na kubaki. Herufi hizi hupimwa kwenye kipande kidogo maabara, kwa hiyo hazisemi kila kitu, lakini padi isiyo na herufi yoyote imekunyima hata hicho kidogo.

Alama nyingine ni herufi E ndani ya duara, pembeni yake namba ya nchi: 1 ni Ujerumani, 2 Ufaransa, 11 Uingereza. Ikiambatana na maandishi ya 90R, maana yake padi ilipimwa kwa kanuni ya 90 ya Umoja wa Mataifa, inayotaka padi ya kubadilishia isitofautiane na ile iliyokuja na gari kwa zaidi ya asilimia 15. Hiyo ndiyo alama ninayoiamini kuliko zote, kwa sababu inaifananisha padi na gari lako na kazi yake. Watengeneza bandia nao wanajua kuchora duara, kwa hiyo angalia na mengine: chapa iliyochongwa au kuchapwa vizuri kwenye bamba, rangi isiyobabuka kwa ukucha, kingo zisizomeguka. Dai risiti ya EFD. Duka linalosita kutoa risiti ya kitu kitakachobeba watoto wako, liache.

Pale kaunta nilifungua gazeti langu. Padi zilizoungua hazikuwa na herufi hata moja ukingoni. Uso wake ulikuwa mweusi unaong'aa, kama sufuria iliyokaukiwa maharage. Kijana akachukua moja, akachukua kipande cha karatasi ya risiti, akakisukuma kati ya bamba na ule mchanganyiko wa juu. Kikaingia. Kilipita robo nzima ya urefu. "Hii ilikuwa inaachana, dada," akasema, na hakuongeza neno.

Kuhusu aina za padi, wauzaji watakutajia tatu. Zile laini, ambazo mchanganyiko wake una nyuzi za mimea, za kioo au za plastiki ngumu, ni kimya, hazili diski, na zinaisha haraka. Moto mkali huzishinda mapema. Zenye chuma ndani yake, nyuzi au unga wa chuma kati ya theluthi moja na theluthi mbili ya uzito, zinashika vizuri na kuvumilia moto, lakini zina kelele kidogo, vumbi jeusi kwenye rimu, na diski inalika zaidi. Za seramiki ni kimya, vumbi lake ni jeupe na halionekani sana, zinadumu, na bei yake imepanda. Wengi hununua seramiki kwa kuamini kwamba ghali ndiyo imara. Kwa gari la mjini linalobeba mtu mmoja kwenda kazini, ni chaguo zuri. Kwa Probox inayopakia magunia, au Noah ya abiria wa Arusha, mimi ningechukua zenye chuma bila kufikiria mara mbili, na kelele ningezizoea.

Michanganyiko hii ina historia. Mwaka 1897 huko Derbyshire, Uingereza, Herbert Frood alitafuta kitu bora cha kusimamishia mikokoteni ya farasi milimani, mahali ambapo waendeshaji walikuwa wakigandamiza gurudumu kwa ngozi ya viatu vikuukuu. Kampuni aliyoianzisha, Ferodo, ipo hadi leo. Kwa miongo mingi nyuzi zilizotumika zaidi katika breki duniani zilikuwa za asbesto, kwa sababu haziungui. Vumbi lake linasababisha saratani ya mapafu na ya utando unaoyazunguka, na ugonjwa hujitokeza baada ya miaka mingi. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku mwaka 2005. Kwa kuwa huwezi kujua kwa macho padi ya zamani ilitengenezwa na nini, usimruhusu fundi apulize vumbi la breki kwa mashine ya upepo au kwa mdomo, na watoto wasichezee karibu. Kitambaa kilicholowa maji kinatosha.

Nilitoka Gerezani na boksi la padi nikaenda moja kwa moja kwa mzee mmoja fundi, Ilala, ambaye hufanya breki tu na ana umri wa baba yangu. Hakuliangalia boksi. Alipandisha jeki, akatoa gurudumu, akapitisha ukucha wa kidole gumba juu ya diski kutoka katikati kwenda nje. "Njoo ushike mwenyewe, mwanangu." Nikashika. Uso wa diski ulikuwa na mabonde na matuta kama sahani ya santuri, na ukingoni kulikuwa na ukuta wa kutu ulioinuka. "Padi zako za Lushoto," akasema, "zilikuwa zinagusa haya matuta tu. Nusu ya padi ilikuwa haifanyi kazi, na nusu iliyobaki ikabeba moto wote."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba nilikuwa nimenunua nusu ya breki. Padi huzoea diski yake. Hujichonga kufuata umbo lake, na huacha juu yake utando mwembamba wa mchanganyiko wake. Ukileta padi ngeni kwenye diski iliyochakaa, zinaanza kazi zikiwa hazijakutana vizuri, na kama bahati yako inakupeleka mlimani wiki ya pili, yanakupata yaliyonipata.

Mzee alichukua vernia. Ukuta ule wa kutu ukingoni unaweza kukudanganya, kwa sababu taya za kipimo hukaa juu yake na kusoma unene usiokuwepo. Yeye aliweka sarafu mbili zinazofanana, moja kila upande wa diski, akapima vyote, kisha akatoa unene wa sarafu. Alipata milimita 19.6. Kisha akasugua kofia ya diski, ile sehemu ya katikati iliyoinuka, kwa brashi ya waya mpaka yakatokea maandishi madogo: MIN TH 20. Diski yangu, ambayo mpya ina milimita 22, ilikuwa imeshapita kikomo chake, na kwa muda gani sijui. Fikiria hilo: uhai wote wa diski ni milimita mbili, moja kila upande. Kinachobaki baada ya hapo ni chuma chembamba kisichoweza kubeba moto, na moto usiobebwa na diski unarudi kwenye padi na kwenye mafuta.

Watu hupenda kuchonga diski kwenye lezi, na si kosa kama unene unaruhusu. Ikiwa ina 21.5 na kikomo ni 20, inachongwa, inabaki na 21, inaendelea. Lakini nimeona diski zikichongwa zikiwa tayari kwenye kikomo kwa sababu tu uso ulikuwa mbaya, na zikitoka kwenye lezi zinang'aa kama mpya na zimekwisha. Pima kabla, pima baada, na kama fundi hana vernia tafuta fundi mwingine. Kwa magari madogo, diski mpya ya kawaida si ghali kiasi cha kuigombania. Nunua mbili, kulia na kushoto, siku moja na padi zake.

Chukua ya kawaida kama iliyokuja na gari. Kama ya zamani ina matundu ya hewa katikati, kama mkate uliopasuliwa ukawekewa nguzo ndani, mpya nayo iwe hivyo. Zile zilizotobolewa usoni na kuchanjwa mistari zinapendeza nyuma ya rimu ya sporti, na vijana wanazitafuta sana, lakini kwa gari la kwenda kazini na sokoni hazikuongezei kitu, na nyufa hupenda kuanzia kwenye yale matobo. Kwa wanaoishi karibu na bahari, fedha hiyo iende kwenye diski iliyopakwa rangi ya kinga, ile ya kijivu kwenye kofia na ukingo. Chumvi ya pwani inaila kofia ya diski mpaka inashikana na habu, yaani kitovu cha gurudumu, na siku ya kuitoa inatolewa kwa nyundo.

Usukani ukitetemeka ukifunga breki, utaambiwa diski imepinda. Mara nyingi haijapinda. Imelika pasipo usawa, au imeshika utando wa padi sehemu moja zaidi ya nyingine, au ilifungwa juu ya habu yenye kutu. Diski ikiyumba kwa sehemu tano za mia za milimita, pungufu ya unene wa unywele, baada ya kilomita elfu chache mguu utaanza kuhisi. Kwa hiyo kutu ya habu isuguliwe mpaka chuma cheupe kabla ya diski mpya kukaa, na nati za gurudumu zikazwe kwa kupishana, kwa nguvu inayotakiwa. Kwa Toyota nyingi ndogo ni nyutoni-mita 103. Mashine ya upepo ikiachiwa mpaka mwisho hukaza kupita kiasi na kuivuta diski upande.

Kazi yenyewe ya kufunga haichukui muda mrefu, na ndiyo maana inafanywa ovyo. Simama pale. Diski mpya ina mafuta ya kuzuia kutu. Ioshwe kwa dawa ya kusafishia breki, au kwa sabuni na maji ya moto ikaushwe. Pini mbili ambazo kalipa huteleza juu yake zitolewe, zisafishwe, zipakwe grisi ya silikoni. Grisi ya kawaida huvimbisha mipira yake, pini ikagoma, na padi ya ndani ikaisha wakati ya nje bado nene. Kalipa isining'inie kwa mpira wake wa breki, ifungwe kwa waya. Na kabla gari halijasogea hata hatua moja, pedeli ipampiwe mpaka iwe ngumu, maana pistoni zimerudishwa nyuma na mkanyago wa kwanza hauna kitu. Gari limeshaingia ukutani kwa kosa hilo, ndani ya gereji.

Nyuma ya gari langu kuna dramu, kama magari mengi madogo. Mzee alizifungua, akaangalia viatu, akapangusa, akarekebisha hendibreki, akafunga. Hazikuhitaji zaidi.

Breki mpya haziko tayari siku hiyo hiyo. Jumapili iliyofuata, alfajiri, barabara ya Bagamoyo ikiwa tupu, nilipita Bunju nikafanya kama mzee alivyonielekeza: kutoka 60 kushuka hadi 20 kwa mkanyago wa wastani, bila kusimama kabisa, kisha kuendesha dakika moja upepo upoze, kisha tena. Mara kumi. Kusimama huku umekanyaga wakati diski zina moto huacha alama ya padi mahali pamoja, na mtetemo unaanzia hapo. Baada ya hapo, kilomita 300 za upole. Mara ya tatu au ya nne nilihisi pedeli ikibadilika chini ya mguu, ikaanza kushika mapema na sawasawa kulia na kushoto.

Desemba tulirudi Lushoto. Kushuka niliweka gia ya pili tangu juu, L kwenye kona kali, na breki nikawa naikanyaga kwa nguvu kwa muda mfupi kisha naiachia. Soni nilisimama, nikasogeza kiganja karibu na rimu. Ilikuwa ya moto, lakini mkono ulikaa. Mama alishuka kununua kabichi kwa mwenyeji wetu wa Agosti, na mimi nikatoa daftari ninaloliweka sasa kwenye dashibodi, ambalo ukurasa wake wa kwanza mzee wa Ilala aliuandika kwa mkono wake: tarehe, kilomita, padi 11, diski 22, kikomo 20. Chini yake niliacha nafasi ya kipimo cha Machi.